Gharama za Maisha Valencia kwa Anayekuja Kufanya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bei zilizotajwa hapa ni za mwaka 2025, za jiji la Valencia na miji midogo inayolizunguka. Zitapanda, nyingine zitashuka, ila mgawanyo wake hautabadilika sana: pango ndilo linalomeza mshahara, chakula kinavumilika, usafiri ni nafuu. Kwa hiyo maswali ya nyumba yamejibiwa kwa urefu na mengine kwa ufupi.

Ni kweli Valencia ni nafuu kuliko Madrid na Barcelona?

Ndiyo, lakini si kwa kiasi ambacho watu wanakitaja. Valencia ya miaka kumi iliyopita, ambapo mtu alipata nyumba nzima kwa euro 500, imekwisha. Mwaka 2025 nyumba za kupanga zilitangazwa kwa wastani wa euro 15 hivi kwa mita ya mraba kwa mwezi. Madrid na Barcelona zimeshavuka 20. Nyumba ya mita 70, yenye vyumba viwili vya kulala, inakaribia euro 1,050 hadi 1,100, na ikiwa karibu na kitovu cha jiji inapita hapo. Chakula, umeme na simu vina bei karibu ile ile nchi nzima. Unafuu wa Valencia uko kwenye pango, na kwenye ukweli kwamba jiji ni tambarare na dogo, unaweza kulivuka kwa baiskeli bila kutoka jasho jingi.

Mkataba wangu unasema nitalipwa kima cha chini. Mkononi zitaingia ngapi?

Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 1,184 kwa mwezi, na kinalipwa mara 14 kwa mwaka: miezi 12 ya kawaida na malipo mawili ya ziada, ambayo kwa kawaida huja katikati ya mwaka na mwezi wa Desemba. Jumla ni euro 16,576. Waajiri wengi huyagawa yale malipo mawili ndani ya miezi 12, hapo mshahara ghafi unasomeka euro 1,381.

Makato ya hifadhi ya jamii kwa mfanyakazi mwenye mkataba wa kudumu yalikuwa asilimia 6.48 mwaka huo. Kodi ya mapato kwa mshahara wa namna hii ni ndogo sana au haipo kabisa, ingawa mwenye mkataba wa chini ya mwaka mmoja hukatwa angalau asilimia 2. Kwa hiyo weka akilini euro 1,290 kwa mwezi kama malipo yamegawanywa, au euro 1,095 kama utasubiri zile mbili za ziada. Muulize mwajiri swali hili kabla ya kusaini, kwa sababu tofauti ya karibu euro 200 kila mwezi ndiyo inayoamua kama utalala chumba chenye dirisha la mtaani au la.

Nipange chumba au nyumba nzima?

Chumba. Hata kama una hela ya nyumba, miezi ya mwanzo karibu hakuna atakayekupa. Mwenye nyumba wa Valencia anataka hati za mshahara za miezi mitatu, mkataba wa kudumu wa kazi, na mara nyingi bima ya kumlinda usipolipa. Kampuni ya bima nayo inataka pango lisizidi kiasi cha theluthi moja ya kipato chako. Mgeni aliyeshuka jana hana hata kimoja kati ya hivyo.

Chumba kwenye nyumba ya kushirikiana kinaanzia kama euro 350 pembezoni na kufika 500 au zaidi maeneo yanayopendwa. Ukiona tangazo linasema *interior*, maana yake dirisha halitazami barabara. Linatazama kisima cha hewa katikati ya jengo, ambako utasikia sufuria za majirani wote na jua hulioni. Si dhambi kukichukua, bei yake huwa chini, lakini kitazame mwenyewe saa za mchana kwanza. Angalia pembe za dari kama kuna ukungu mweusi. Fungua maji ya moto uone yanachukua muda gani. Uliza ni wangapi wanatumia bafu moja. Uliza pia kama bili zimo ndani ya bei, na kama zimo, kuna kikomo au hakuna. Wapo wenye nyumba wanaoandika "bili zimo" kisha Februari wanakudai ziada ya kipasha joto.

Usitume hata senti kabla hujaingia ndani ya nyumba. Tangazo lenye picha za kupendeza, bei ya chini kuliko mtaa mzima, na mwenye nyumba ambaye eti yuko ng'ambo na atakutumia funguo kwa posta, ni utapeli. Wapya ndio wanaonaswa zaidi, kwa sababu wanatafuta wakiwa bado Nairobi au Dar. Njia salama ni kukodi kitanda kwenye hosteli kwa wiki moja au mbili, euro 25 hadi 40 kwa usiku, na kutafuta kwa miguu. Epuka kufika katikati ya Machi: sherehe za Fallas, ambazo kilele chake ni tarehe 15 hadi 19, hupandisha bei ya kila kitanda jijini, na kwa fataki zile huwezi kulala hata ukikipata.

Amana ni kiasi gani, na dalali analipwa na nani?

Kwa nyumba ya kuishi, sheria ya Hispania inaruhusu amana ya mwezi mmoja, na juu yake dhamana ya ziada isiyozidi miezi miwili. Tangu sheria ya makazi ya mwaka 2023, dalali analipwa na mwenye nyumba. Na mpangaji ana haki ya kukaa hadi miaka mitano, au saba ikiwa mwenye nyumba ni kampuni.

Sasa sikiliza ujanja ulipo. Mikataba mingi siku hizi inaandikwa kuwa ni ya muda, *alquiler de temporada*, ya miezi 11. Huo hauna ulinzi wa miaka mitano, amana yake ni miezi miwili, na dalali anaweza kukudai wewe. Kama umekuja kufanya kazi na kuishi, mkataba wa namna hiyo haukufai, lakini utausaini kwa sababu ndio uliopo. Angalau jua unachosaini. Na piga picha kila mkwaruzo wa ukuta siku ya kwanza, uzitume kwa mwenye nyumba kwa ujumbe ili tarehe ibaki. Amana nyingi zinazoliwa huishia kwenye ubishi wa nani alitoboa ukuta.

Kwa nini kila mtu ananiuliza kuhusu *padrón*?

Ni daftari la wakazi la manispaa, na kujiandikisha ni bure. Bila cheti chake hupati kadi ya hospitali, mtoto wako anapata shida kupewa shule, na kadi ya ukaazi inakwama. Kwa asiye na karatasi ndiyo muhimu zaidi: kanuni mpya za uhamiaji zilizoanza Mei 2025 zinaruhusu aliyeishi nchini miaka miwili kuomba ukaazi kwa njia zinazoitwa *arraigo*, akitimiza masharti mengine, na *padrón* ndio ushahidi unaokubalika kwa urahisi kuliko mwingine wowote.

Kuna wenye nyumba wanaosema "chumba nakupa, kujiandikisha hapana", kwa kuogopa kodi au kuogopa kushindwa kumtoa mpangaji. Chumba cha namna hiyo, hata kiwe euro 300, ni ghali. Ukiwa na mkataba halali wa kupanga huhitaji ruhusa yake kujiandikisha. Weka swali hili liwe la kwanza unapopiga simu, kabla hata ya bei.

Na miadi ya ofisi za serikali, iwe ya *padrón* au ya alama za vidole za kadi ya ukaazi, ni bure. Utakutana na watu wanaouza miadi. Ada halali unayolipa kwa kadi ya ukaazi inalipwa benki kwa fomu maalumu na, kwa kadi ya mara ya kwanza, haifiki euro 20. Mwenye viza ya zaidi ya miezi sita anatakiwa kuiomba kadi hiyo ndani ya mwezi mmoja tangu aingie, kwa hiyo anza kuwinda miadi wiki ile ile ya kufika.

Nikae mtaa gani?

Orriols, Torrefiel na Benicalap, upande wa kaskazini, ndiko pango liko chini kidogo na ndiko wahamiaji wengi wanaishi. Benimaclet ni ya wanafunzi, ina raha zake, na vyumba vyake vinaisha Septemba kabla hujanywa chai. Ruzafa ilikuwa mtaa wa wahamiaji. Sasa ni mtaa wa mikahawa na bei zake zinajieleza. Nje ya jiji kuna Xirivella, pamoja na Mislata, Burjassot na Torrent ambazo zinafikika kwa metro.

Neno moja kuhusu upande wa kusini. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliipiga miji kama Paiporta, Catarroja, Alfafar na Benetússer, na zaidi ya watu 220 walifariki katika jimbo la Valencia. Jiji lenyewe kwa sehemu kubwa liliokolewa na mkondo mpya wa mto Turia, uliochimbwa baada ya mafuriko ya 1957. Ukipewa nyumba ya ghorofa ya chini huko kusini kwa bei ya kutupa, gusa kuta, nusa, na uliza ilikarabatiwaje.

Nije na hela kiasi gani?

Hesabu ya chini kabisa kwa mtu mmoja: hosteli wiki mbili, 400. Pango la kwanza na amana ya chumba, 800. Shuka, blanketi, sufuria na taulo, 80. Chakula na nauli hadi mshahara wa kwanza, 350. Karatasi, picha, tafsiri za vyeti, 150. Hiyo ni karibu euro 1,800, na mshahara Hispania hulipwa mwisho wa mwezi. Ukianza kazi tarehe 20 utapewa siku zako kumi tu na kusubiri mwezi mwingine. Kwa maoni yangu usishuke na chini ya euro 2,500. Anayekuja na 800 kwa kutegemea "ndugu yupo" amemhamishia ndugu yake huo mzigo.

Umeme, maji na gesi ni kiasi gani?

Kwenye nyumba ya watu watatu au wanne, fungu lako litakuwa euro 40 hadi 60 kwa mwezi, intaneti ikiwemo. Linalowashangaza watu wetu ni baridi. Wanakuja wakijua Valencia ni ya jua, na ni kweli, lakini nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto: sakafu ni ya vigae, madirisha yanapitisha upepo, na Januari ndani kunakuwa na baridi kuliko nje. Unanunua kipasha joto cha umeme cha euro 30, unakiwasha usiku kucha, na bili inakuja mara mbili ya ile ya Oktoba. Soksi nene na blanketi la pili kwanza, kipasha joto baadaye.

Kama bei ya umeme wenu ni ya kufuata saa, saa ghali ni nne asubuhi hadi nane mchana, na kumi na mbili jioni hadi nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Usiku wa manane hadi saa mbili asubuhi, pamoja na wikendi nzima na sikukuu, ndiyo nafuu. Ndiyo maana Jumamosi mashine za kufua zinanguruma jengo zima.

Nyumba za zamani bado zinapika na kuchemsha maji kwa mtungi wa gesi wa kilo 12.5, ule wa rangi ya chungwa. Bei yake inapangwa na serikali na kupitiwa kila miezi miwili. Mwaka 2025 ilikuwa ikicheza kati ya euro 15 na 18. Ukiwa ghorofa ya nne bila lifti, uliza nani anaupandisha.

Maji ya bomba ni salama lakini yana chokaa nyingi na ladha yake si ya kila mtu, ndiyo maana utaona watu wamebeba madumu ya maji kutoka dukani. Chujio la jagi linarudisha gharama yake haraka.

Chakula kitanigharimu ngapi, na ugali nitaupata?

Anayepika mwenyewe anaishi vizuri kwa euro 200 hadi 230 kwa mwezi. Supamaketi za Mercadona, Consum, Lidl na Aldi ziko kila mahali. Hizo mbili za kwanza ni za hapa hapa Valencia. Mboga na matunda vinunue kwenye maduka madogo ya mtaani, ambayo mara nyingi ni ya Wapakistani au Wamoroko, hasa jioni yanapopunguza bei. Machungwa wakati wa msimu ni karibu na bure. Mercado Central, soko kuu lenye jengo zuri la mwaka 1928, nenda ukalitazame, nunua samaki siku ukiwa na mgeni, lakini usilifanye genge lako la kila siku. Mafuta ya zeituni yaliyofika euro 9 na zaidi kwa lita mwanzoni mwa 2024 yameshuka sana. Ya alizeti bado ndiyo ya kukaangia.

Ugali: unga mweupe wa mahindi unaouzwa na maduka ya Walatini, yaani watu wa Amerika ya Kusini, kwa ajili ya arepa, mikate yao ya mahindi, umeshapikwa kiwandani, ukiusonga unakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Tafuta maduka ya Waafrika wa Magharibi, huko utapata unga mbichi, dagaa wakavu na mawese. Mchele ni jambo la fahari Valencia, unalimwa pale Albufera kusini mwa jiji, ila punje zake ni fupi na zinashikana. Kwa wali wa kuchambuka au pilau nunua basmati. Mihogo, ndizi za kupika na tui la nazi viko kwa Walatini. Sukuma wiki ni shida na ikipatikana ni ghali, lakini *acelgas*, majani mapana yenye shina jeupe, yakikatwa membamba na kukaangwa na kitunguu yanamaliza kiu. Nyama ya halali ipo kwenye bucha za Wamoroko, na mara nyingi kuku wao ni nafuu kuliko wa supamaketi.

Kula nje si lazima kuwe anasa. Mikahawa mingi ina chakula cha mchana cha bei moja, *menú del día*, chenye sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo au kahawa, kwa euro 12 hadi 16. Jioni sahani zile zile zinauzwa moja moja na bili inakuwa nyingine.

Usafiri?

Kadi ya SUMA inatumika kwenye metro, tramu na mabasi ya EMT. Safari kumi za ukanda wa jiji bei yake kamili ni euro 8, ya mwezi mzima ni 35, na mara nyingi kuna punguzo la serikali juu yake. Uliza kabla ya kununua, hasa kama una chini ya miaka 30. Baiskeli za Valenbisi ziko kila kona kwa takriban euro 30 kwa mwaka, na nusu saa ya kwanza ya kila safari hailipiwi. Bustani ya Turia, iliyojaza mkondo wa zamani wa mto, inakupeleka kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine bila taa hata moja ya barabarani.

Benki na simu?

Laini ya kulipia kabla ni kama euro 10 kwa mwezi ikiwa na data ya kutosha. Benki, omba akaunti ya msingi, *cuenta de pago básica*: sheria inazibana benki zisikudai zaidi ya euro 3 kwa mwezi, na pasipoti inatosha kuifungua, japo karani anaweza kujifanya haijui. Ukishakuwa na akaunti jiunge na Bizum, inayotuma hela kwa namba ya simu. Watu wa nyumba moja hugawana bili kwa hiyo, na aliyezoea M-Pesa hahitaji somo.

Kutuma hela nyumbani?

Usiangalie ada peke yake, angalia mpokeaji anaingiziwa shilingi ngapi. Kampuni inayotangaza "bila ada" inakula kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Kwa Kenya, Wise, Remitly na Western Union zote zinafikisha kwenye M-Pesa; zilinganishe siku ile ile unayotuma. Vibanda vya mtaani vinavyopokea taslimu vinafaa kwa asiye na akaunti, lakini ni ghali zaidi.

Nikiugua?

Ukiwa na ajira rasmi na *padrón*, unapewa kadi ya SIP, ndiyo ile ya hospitali, na daktari hulipi. Dawa zenye cheti cha daktari unachangia asilimia 40 ya bei kama kipato chako ni chini ya euro 18,000 kwa mwaka. Meno hayamo, isipokuwa kung'oa na dharura. Kuziba jino moja ni euro 50 hadi 80, kwa hiyo tengeneza meno yako nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Watoto?

Shule ya umma ni bure kuanzia miaka mitatu, na serikali ya jimbo ina mpango wa kuazimisha vitabu. Chakula cha mchana shuleni kinalipiwa, ila kuna ruzuku kwa wenye kipato kidogo. Maombi yana dirisha fupi, likifungwa limefungwa. Mtoto atasoma Kihispania na Kivalencia pamoja. Baada ya mwaka mmoja atakuwa mkalimani wako benki.

Nimepata kazi ya ndani, nitaishi kwa mwajiri. Anaweza kunikata chakula na chumba?

Hawezi kukushusha chini ya kima cha chini. Hela taslimu inayoingia mkononi kwa saa kamili za kazi lazima ifikie kima hicho. Chumba na sahani ya wali havihesabiwi ndani yake. Wanawake wengi wanaambiwa vinginevyo. Pia lazima akuandikishe hifadhi ya jamii tangu siku ya kwanza, na hilo unaweza kulihakiki mwenyewe kwa kuomba historia yako ya kazi, *vida laboral*, ambayo haina malipo.

Mimi nafanya kazi mtandaoni kwa kampuni ya Nairobi. Hesabu yangu ni tofauti?

Viza ya wafanyakazi wa mbali, iliyoletwa na sheria ya mwishoni mwa 2022, inataka kipato cha mara mbili ya kima cha chini: kwa 2025 ilikuwa karibu euro 2,763 kwa mwezi. Kwa kipato hicho Valencia unaishi bila presha. Ila wenye nyumba hawaelewi hati ya mshahara ya kigeni, na wengi wataomba dhamana ile ya miezi miwili yote.

Leseni yangu ya udereva inatumika?

Miezi sita tangu uwe mkaazi, basi. Hispania haina makubaliano ya kubadilishana leseni na Kenya wala Tanzania, kwa hiyo utafanya mtihani upya. Ule wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini mkaguzi wa barabarani atakuelekeza kwa Kihispania. Masomo na ada zote pamoja hukaribia euro 1,000, zaidi ukirudia. Kama kazi uliyoahidiwa ni ya kuendesha gari, mjulishe mwajiri hili kabla hujakata tiketi.